Shangazi wa Vilima na Kero za Mzunguko wa Karema

Tangu Shangazi wa Vilima atangaze kwamba mwezi huu atajibu maswali ya matembezi tu, barua za Katavi zimefurika mezani kwake. Nyingi zinataja Karema, kule Wilaya ya Tanganyika, ambako vilima vinashuka kuelekea Ziwa Tanganyika. Amechagua zile zenye kero nzito.

Mwenye Viatu Vipya, wa Mpanda, anataka kuanzia matembezi bandarini na kuyamalizia papo hapo bandarini. Mkewe amemwambia kuwa mtu anayezunguka nusu siku kisha akajikuta alipoanzia, huyo kapotea.

Shangazi anampa mke haki yake: mzunguko usio na mpango ni kupotea kweli. Bwana apite kwanza ofisi ya serikali ya kijiji, ajitambulishe, aombe kijana mwenyeji wa kumwongoza kwa malipo ya kueleweka. Kisha aanze na mlima, amalizie na ufuko. Karema iko upande wa mashariki wa ziwa, hivyo asubuhi jua hutokea nyuma ya vilima na miteremko inayotazama maji hubaki kivulini kwa muda. Asiiamini saa ya Dar es Salaam pia: huku magharibi jua huchelewa kwa dakika kama 35, na utosini hufika karibu na saa 7 mchana. Wakati huo awe ameshashuka, anakula samaki aina ya mgebuka chini ya mti. Msimu ni Juni hadi Septemba. Masika njia huwa utelezi mtupu.

Bingwa wa Kukadiria ameapa kumaliza kilomita 9 kwa saa moja na nusu "bila kutoka jasho".

Jasho litamtoka. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 9 zenye mita 300 za mpando, basi, ni saa mbili na dakika 18, bila kusimama. Na Karema lazima mtu asimame. Kwenye misheni ya pale ndipo Adrien Atiman, aliyetekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa Algeria na kusomea udaktari Malta, alipotibu watu tangu 1889 hadi alipofariki 1956. Bingwa aongeze saa nzima ya kusimuliwa, na nyingine ya kusalimiana na wazee.

Msindikizaji wa Majimoto anauliza kama inafaa kubeba kiti cha kukunja, jiko la mkaa, spika na sanduku la soda.

Shangazi anamkumbusha mzigo wa mwaka 1879. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alituma ndovu wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, akitaka kuona kama wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi hadi Karema. Watatu walikufa njiani; aliyefika ni mmoja. Kiongozi wa msafara, Frederick Carter, aliuawa mwaka uliofuata akirudi pwani, na aliuawa Mpimbwe, huko huko kwa akina Msindikizaji. Kama ndovu walishindwa, spika ibaki nyumbani. Lita mbili za maji, kofia, ndizi na karanga zatosha.

Mjukuu wa Karema yuko njia panda. Babu yake alisimuliwa kuwa ngome ya Wabelgiji ilijengwa karibu kabisa na maji, lakini yeye anatembea hadi miguu inauma kabla ya kufika ufukoni. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, ni ziwa lililohama. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, jirani na Kalemie, maji ya Tanganyika hutokea kwa mto Lukuga. Mwaka 1876 mpelelezi Stanley aliukuta umezibwa na matete. Miaka mitatu baadaye mpelelezi mwingine, Joseph Thomson, aliukuta unakwenda kwa kasi. Kizuizi kilikuwa kimepasuka, na kina kikashuka kwa kadiri ya mita 10 katika miaka iliyofuata. Kapteni Cambier wa Ubelgiji alikuwa ameanza ngome hiyo mwaka 1879, wakati ule ule maji yakianza kumkimbia, na Wabelgiji walipoikabidhi kwa wamisionari wa Mapadre Weupe mwaka 1885 ufuko ulikuwa umeshasogea. Ila Mjukuu asijenge kibanda kwenye ardhi hiyo: miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, na nyumba za mwambao zimeingia maji hadi Bujumbura. Njia ya ufukoni awaulize wavuvi kwanza, na kuhusu mamba pia.

Barua ya mwisho ni ya Mama Mwenye Shaka, wa Kashaulili, Mpanda. Mumewe husema kila Jumamosi anakwenda kuzunguka vilima vya Karema, akarudi jioni na migebuka na viatu visivyo na vumbi.

Samaki si ushahidi. Migebuka huuzwa hata sokoni Mpanda. Karema ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, kwenda tu. Mama achukue kalamu, ajumlishe saa za gari na zile za Naismith, aone kama Jumamosi moja inazitosha. Zikigoma kuingia, wiki ijayo afuatane naye. Kanuni haiongezi hata dakika moja kwa ajili ya mke.