Ombi la Ziara ya Mafunzo Kijijini Dolton

Waheshimiwa Madiwani,
Baraza la Kijiji cha Dolton,
Illinois, Marekani.

YAH: MADIWANI WETU KUJA KUJIFUNZA KWENU

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mlipa ushuru wa meza ya nyanya katika soko la halmashauri moja ya Tanzania, ambayo sitaitaja kwa kuwa meza yangu bado naihitaji. Halmashauri haijanituma. Ila naijua vya kutosha: mwaka wa fedha unapokaribia kwisha, na kasma ya safari ikawa bado ina chochote, madiwani wetu hushikwa na kiu kali ya elimu. Walikwenda kujifunza usafi. Walikwenda kujifunza masoko, mahali penye ufukwe mzuri. Paa la soko letu linavuja vilevile, lakini wajumbe wamejifunza. Safari hii nimeona niwatafutie mwenyeji mapema, na katika kupekua nikawapata ninyi.

Kwanza mnisaidie jambo moja. Ninyi ni kijiji. Ndivyo sheria ya Illinois inavyowatambua, watu kama 21,000 hapo kusini mwa Chicago. Halafu kijiji hicho kina meya. Kwetu kijiji kina mwenyekiti, mtendaji na muhuri, na muhuri ukipotea serikali imesimama hadi uonekane. Kumbe inawezekana kijiji kikawa na Mstahiki! Hapo tu mmeshatupa somo moja bure, na ninaomba lisiwafikie wenyeviti wetu wa vijiji, maana Jumatatu watataka majoho.

Nilipomsoma Mstahiki wenu wa zamani, Tiffany Henyard, mliyempata katika uchaguzi wa 2021, aliyejiita Meya Supa na sura yake ikawekwa kwenye mabango barabarani, nilijisikia nyumbani kabisa. Kama harufu ya bahari kwa mtu wa pwani.

Somo ambalo wetu wasilikose ni la mshahara. Mama huyu alikuwa na viti viwili: umeya wa Dolton, na usimamizi wa Thornton, ambayo kwa kipimo chetu naiita tarafa. Kiti cha tarafa peke yake kilikuwa na mshahara wa zaidi ya dola 200,000 kwa mwaka. Basi Desemba 2023 baraza la tarafa likapitisha kwamba akichaguliwa msimamizi mwingine, mshahara utashuka hadi dola 25,000. Akirudi yeye, unabaki palepale.

Nimelisoma hilo mara tatu, na mara ya tatu nilisimama. Hii si siasa tena, hii ni fani. Kwetu mtu akitaka kubaki kitini anagawa kanga na sukari, anahesabu wajumbe usiku, anabadilisha namba ya simu. Jasho jingi, gharama kubwa. Hajatokea hata mmoja aliyefikiria kukiacha kiti mahali pake na kuking'oa godoro, ili mwenzake akikikalia kimchome. Madiwani wetu wakifundishwa hili na mtu mwenye subira, nauli ya ndege itakuwa imerudi.

Kuhusu matumizi, sidhani kama mtakuwa na la kuwaongezea, ila si vibaya wakaona vitendea kazi vya kisasa. Nasoma katika ripoti ya Lori Lightfoot, yule meya wa zamani wa Chicago mliyemwajiri Aprili 2024 awachunguzie, kwa dola 400 kwa saa, kwamba kadi za kijiji zilifanya manunuzi ya maelfu ya dola kwenye Amazon kwa siku moja tu ya Januari 2023. Siku moja! Hapa kwetu kununua ndoo tatu za chokaa kunahitaji bodi ya zabuni, na ndoo zikifika ni mbili. Ripoti hiyo, iliyosomwa Januari 2025, inasema pia kwamba mfuko mkuu wa kijiji uliokuwa na ziada ya dola milioni 5.6 ulikutwa Mei 2024 na upungufu wa dola milioni 3.65. Mstahiki mwenyewe amekana kufanya kosa lolote, nami sina ugomvi naye. Nasema tu kwamba kwetu hiyo tungeiita hati chafu, kisha tungeunda kamati ya kumtafuta aliyeivujisha.

Ipo na safari ya Las Vegas ya 2023, nayo ilikuwa ya kikazi. Tafadhali msiitaje katika barua ya mwaliko. Wakiliona jina hilo watataka kikao kihamie huko.

Kwenye nidhamu ya vikao tunaweza kubadilishana uzoefu, maana nanyi hamjambo. Nimeiona video ya kikao cha Thornton cha Januari 2025, ngumi zinaruka, na Mstahiki naye yumo. Kwa heshima zote, mliharakisha. Kwetu kikao huvunjika kwa utaratibu: kwanza akidi, halafu mwongozo wa Mwenyekiti, halafu taarifa, na kiti cha plastiki ndiyo hoja ya mwisho. Kanuni zinafuatwa.

Sasa kuna jambo nawaomba msiwaonyeshe. Februari 25, 2025, katika kura ya mchujo ya chama cha Mstahiki, wananchi wenu walijipanga, wakampa Jason House, wakati huo diwani mwenzenu, kura kama 88 katika kila 100, na Mstahiki akabaki na 12. Watu wa kawaida, na wauza nyanya bila shaka wamo. Jambo hili litawaharibia wetu usingizi. Kwetu mwananchi hamchagui meya. Anachagua diwani wa kata yake. Madiwani wakishaapa wanachaguana wao kwa wao nani avae mkufu, na kumvua inatakiwa theluthi mbili yao haohao. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Kwa hiyo mimi nikichukizwa na meya, chuki yangu ina njia moja tu, ya kwenda kwa diwani wangu, naye wakati huo yuko safarini anajifunza.

Badala yake waonyesheni ya 2022, wananchi walipopiga kura ya kumng'oa mahakama ikasema kura hiyo si halali. Hiyo irudieni hata mara mbili.

Muda ukibaki, wapelekeni kwenye ile nyumba aliyolelewa Papa Leo XIV, ambayo kijiji chenu kiliinunua 2025 kwa dola 375,000. Wapigwe picha mlangoni. Ripoti ya ziara kwetu haipiti bila picha.

Posho ya kujikimu watakuja nayo. Majibu mniletee kupitia kwa kijana wa vocha jirani na soko, msitume halmashauri. Barua za huko huwa zinakwenda kujifunza nazo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Muuza nyanya, meza ya kona, chini ya paa linalovuja.

Nakala: Kamati ya Fedha (kwa taarifa, wakisharudi).
Sanduku la maoni la halmashauri (ufunguo ukipatikana).