Sifa za Kiko Kinachozimika

Kiko ni chombo cha kuvutia tumbaku ambacho sifa yake kuu ni kuzimika. Sigara ikishawashwa hujiteketeza hadi kwenye kichungi, mvutaji awepo asiwepo. Kiko hakina utii wa namna hiyo: kikisahauliwa kidogo tu kinapoa, na mwenyewe anarudi kwenye kibiriti. Wenye sigara huuita huo usumbufu. Wenye kiko huuita burudani, na haki iko kwao, maana katika saa nzima ya kuvuta kiko, kuvuta kwenyewe ni sehemu ndogo. Muda uliobaki huenda katika kufungua kifuko, kushindilia, kuwasha, kushindilia tena, kuwasha tena, kuchokonoa, na kuchungulia kwa mashaka ndani ya bori, yaani kikombe cha tumbaku.

Taabu huanzia porini. Viko vinavyothaminiwa zaidi huchongwa kutokana na uvimbe wa mzizi wa Erica arborea, kichaka cha kandokando ya Bahari ya Mediterania. Uvimbe huo huchimbuliwa, huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa ukauke polepole kwa miezi au miaka. Mji wa Saint-Claude, Ufaransa, ulijijengea jina kwa kazi hiyo katika karne ya 19. Wengine hupenda jiwe jeupe laini la Eskişehir, Uturuki, ambalo hugeuka rangi kadiri linavyonyonya uchafu wa tumbaku, na mwenye kiko husifiwa kwa kulichafua vizuri. Wamarekani, wasiotaka makuu, wana kiwanda cha viko vya magunzi ya mahindi mjini Washington, jimbo la Missouri, tangu 1869.

Pwani ya Afrika Mashariki iliendeleza zaidi sanaa hii ya kujisumbua. Kiko cha kale kilikuwa na bori la udongo juu, digali lililoshuka hadi kwenye kifuu cha nazi au kibuyu chenye maji, na mdakale wa kuvutia. Vipande vyote hivyo, na maji juu yake, kwa pumzi chache za moshi! Faida ya ziada ilikuwa malio ya kiko: maji yalibwabwaja hata jirani akajua mzee yuko barazani.

Kujaza kiko kuna elimu yake. Wavutaji husema fungu la kwanza la tumbaku hushindiliwa kwa mkono wa mtoto, la pili kwa mkono wa mwanamke, la tatu kwa mkono wa mwanamume. Njiti huzungushwa juu ya bori. Tumbaku huumuka, hushindiliwa, huwashwa upya. Mwenye kuvuta kwa pupa huungua ulimi na kusikia maji machungu yakikoroma ndani ya shina. Mwenye kuvuta kwa upole huzimikiwa. Raha yote imebanwa katika nafasi nyembamba iliyopo kati ya hao wawili, na kuna hata mashindano yake ya kimataifa: kila mmoja hupewa gramu 3 za tumbaku na njiti 2, na anayechelewa kuliko wote kuzimikiwa ndiye bingwa. Ni nadra kupata mchezo mwingine ambao mshindi ni yule aliyefanya kidogo kabisa.

Ndani ya bori hujengeka ukoko mweusi, nao hulelewa. Ukiwa mwembamba, mti huungua. Ukinenepa mno, bori hupasuka. Kwa hiyo hukwanguliwa kwa kisu butu. Kiko kilichovutwa leo hupumzishwa kesho ili kikauke, na hapo mvutaji makini hupata sababu halali ya kununua kingine.

Sigara haina haya yote. Tangu mashine ya James Bonsack ipewe hataza mwaka 1881, ikikunja sigara takribani 200 kwa dakika, wepesi ndio umekuwa silaha yake. Moshi wake una asidi kidogo na humlazimu mtu kuuvuta hadi mapafuni. Moshi wa kiko una alkali zaidi, hivyo nikotini hupenyea kinywani bila safari hiyo ndefu. Kiko, kwa ukarimu, huhudumia zaidi viungo vilivyo karibu: mdomo, ulimi na koo. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964 ilikihusisha na saratani ya mdomo. Mapafu nayo hayasahauliwi, hasa kwa aliyehama kutoka kwenye sigara akabaki na mazoea ya kumeza moshi.

Imebaki heshima. Mtu aliyeulizwa swali gumu akiwa na sigara mkononi huonekana ana wasiwasi. Mwenye kiko huonekana anafikiri, kumbe anatafuta kibiriti. Harold Wilson, waziri mkuu wa Uingereza, aliitumia vizuri nafasi hiyo mbele ya kamera, na mwaka 1965 alitunukiwa cheo cha mvuta kiko wa mwaka. Faraghani alipendelea biri.