Dashibodi Mezani

Gari likikosa breki unaliegesha. Likikosa betri linajiegesha lenyewe. Lakini gari lililokufa dashibodi linawaka asubuhi bila ubishi, linakupeleka kazini na kukurudisha, na ndiyo maana ugonjwa wake hauna haraka. Mwenye gari anasema ataliangalia Jumamosi. Jumamosi ina harusi, Jumapili ina ibada, na Jumatatu gari linawaka tena.

Langu lilianza kwa mshale wa spidi kuganda kwenye 60. Nazima gari, nachomoa ufunguo, naenda kulala. Asubuhi nalikuta bado linakwenda 60. Baadaye geji ya mafuta nayo ikaamua kwamba tangi limejaa, na likabaki limejaa hata siku ile vijana wa bodaboda waliponisukuma kutoka Buguruni hadi kituo cha mafuta. Aina ya gari siitaji, kwa sababu wenye gari kama hilo ni wengi na baadhi yao ni wakwe zangu. Itoshe kusema ni la Kijapani, limepita mikono kadhaa, na kipimo chake kinaishia 180 kama yalivyo mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kwenyewe. Mia na themanini! Mimi ninayetoka Tabata kwenda Posta asubuhi, nikigusa 30 namshukuru Mungu.

Watu hudhani shida ya kukosa spidi ni kutojua mwendo wako. Hapana, shida ni kwamba askari anaujua. Kwenye makazi ya watu sheria yetu inataka usizidi 50, na afande aliyevaa nyeupe pale chini ya mwembe ana tochi isiyoganda. Faini inakungoja. Ukijitetea kwamba mshale wako umekufa, umejiongezea kosa la pili kwa mdomo wako, la kuendesha gari bovu. Kwa hiyo nikawa naendesha kwa kunyata nyuma ya daladala, nikiamini kwamba dereva wa daladala anajua tochi ilipo kuliko anavyojua nyumbani kwake.

Fundi umeme wa kwanza kuliona aliwasha swichi, akaigonga dashibodi konzi moja. Mshale ukatetemeka, ukarudi 60. "Hii ni ya kubadilisha tu, bosi," akasema, akanielekeza Ilala.

Ilala dashibodi za mtumba zimepangwa juu ya turubai, zote zikikutazama. Muuzaji akachagua moja, akaipuliza vumbi, akaishika kwa mikono miwili. "Hii, mzee wangu, imetembea kilometa elfu arobaini na mbili tu. Ukiifunga hii, gari lako jipya." Langu lilishapita laki mbili. Na hakuwa anadanganya kabisa: magari mengi ya siku hizi huweka hesabu ya kilometa kwenye chipu iliyomo ndani ya dashibodi, kwa hiyo ukihamisha dashibodi unahamisha na umri. Injini ndiyo haipewi taarifa. Itaendelea kunywa oili kama mzee wa laki mbili. Nakiri nilitamani. Nani atakataa kupunguziwa kilometa zaidi ya laki na nusu kwa bei ya mbuzi? Ila siku ya kuliuza nitamwambia nini mnunuzi? Nikauacha ujana wangu juu ya turubai, nikaondoka.

Ikabaki kulitengeneza nyumbani. Mtaani kwetu ukifungua mlango wa gari na kushika bisibisi, umeitisha mkutano. Wa kwanza kufika alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, mzee aliyewahi kuendesha malori ya Zambia, ambaye alikuja na kiti chake cha plastiki.

"Zamani ilikuwa kebo tu," akafungua mkutano.

Mzee ana haki. Spidomita ya aina ile aliipatia hataza Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902, na kwa miongo mingi dunia haikuona sababu ya kuibadilisha. Kebo inatoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku ndani ya kikombe chembamba cha chuma. Sumaku haikigusi kikombe. Inazalisha umeme ndani yake, na umeme huo unakivuta kikombe kifuate mzunguko, huku springi laini kama unywele ikikizuia. Mshale umeshikwa na kikombe. Ukiongeza mwendo, mvuto unazidi, mshale unapanda. Kebo ikikatika unanunua nyingine, unaipaka grisi, unaendelea na safari ya Tunduma.

Siku hizi kuna sensa inayotuma mapigo ya umeme, kompyuta inayahesabu, kisha mota isiyozidi kizibo cha chupa ya soda inausukuma mshale hatua kwa hatua. Mota hiyo ni kipofu. Haijui mshale uko wapi. Inajua tu imepiga hatua ngapi tangu pale ilipoanzia. Msomaji alikumbuke hilo, maana ndilo lililonitia aibu mbele ya mama mkwe.

Kabla ya kuchokonoa karibu na usukani, mtu huchomoa waya hasi wa betri na kusubiri dakika kadhaa, kwa sababu humo kuna eabegi na eabegi haina utani. Nikachomoa. Mzee akasema zamani hakukuwa na eabegi. Nikabandua fremu ya plastiki, vishikizo viwili vikakatika kwa sauti ya karanga, nikafungua skrubu, nikavuta dashibodi mbele, nikachomoa plagi ya nyuma, nikaibeba hadi kwenye meza ya chakula. Mke wangu akaitazama, akaitazama sufuria aliyoishika, akaenda kuiweka sufuria juu ya friji. Hakusema neno, na kwa wanaomjua hiyo ni hotuba.

Hapo nikamwita kijana anayetengeneza redio na simu pale kona, kwa sababu kuchomea lehemu kunataka mkono ambao haujazoea kushika kalamu tu. Akaja na kimashine chake cha kuchomea, akaomba kitu cha kung'olea mishale, maana huwezi kufika kwenye bodi bila kuondoa uso wenye namba, na uso hautoki mishale ikiwepo. Kinachofaa kwa kazi hiyo ni uma: unaupenyeza chini ya mshale, jino huku na jino huku, unainua taratibu. Nikachukua uma kwenye kabati la vioo, katika ile seti ya wageni. Mshale wa spidi ukatoka tokea pale pale 60 ulipokuwa umegandia. Tuukumbuke na huo.

Ndani ya dashibodi kuna mambo. Kwanza vumbi jekundu ambalo si la Dar es Salaam. Gari hili limefika mahali ambapo mwenye kuniuzia hakunitajia. Halafu kijana akageuza bodi, akawasha tochi ya simu, akanipa lenzi. "Tazama hapa, braza." Kuizunguka miguu ya mota palikuwa na duara jembamba jeusi, jembamba kiasi kwamba ukipepesa macho unalipoteza. Lehemu imepasuka. Joto la mchana, baridi ya usiku, na kila tuta na kila rasta ya Barabara ya Mandela vimeitikisa mpaka ikaachia. Umeme unafika ukingoni na kukuta daraja limevunjika. Akagusa kwa ncha ya moto, lehemu ikayeyuka, ikang'aa, ikatulia. Miguu ya mota ya geji ya mafuta nayo hivyo hivyo. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kunywa kikombe cha chai, na tuliimaliza sekunde chache kabla umeme wa mtaa mzima haujakatika.

Kitu cha tatu tulichokikuta ndani kilikuwa kipande cha utepe mweusi wa umeme, kimekatwa vizuri kwa mkasi na kubandikwa nyuma ya alama moja ndogo. Kijana akakibandua, akakitupa, akacheka peke yake. Sikumuuliza.

Tukairudisha dashibodi kwenye gari bila mishale ili kuijaribu. Nikaunga betri, nikawasha swichi. Ndani ya giza la jioni zikasikika hatua ndogo ndogo, tk-tk-tk-tk, mota zikirudi sifuri. Watu wa mkutano wakapiga makofi. Kijana, kwa furaha na kwa mwanga wa simu, akachukua mshale wa spidi na kuurudisha mahali pake. Ni mtu mwaminifu sana: aliurudisha palepale alipoukuta.

Mimi sikumwona, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimelala chali kwenye nafasi ya miguu ya dereva, kichwa chini ya usukani, miguu nje ya mlango, nikitafuta kishikizo kilichodondoka. Ghafla mkutano ukanyamaza. Kisha nikasikia, "Hodi wenyewe."

"Shikamoo, mama," nikaiambia pedali ya breki.

"Marahaba, baba. Umeanguka?"

Mama mkwe alikuwa amekuja bila taarifa, na kwa heshima yake mke wangu akatoa seti ya wageni. Uma mmoja ulikuwa na meno mawili yanayotazama mashariki na mengine mawili yanayotazama Kibaha. Aliupata yeye.

Asubuhi nikapewa heshima ya kumrudisha Mbagala. Akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani. Nikawasha swichi, na kabla injini haijaitika, mshale ukasimama 60. Tuko uani, geti limefungwa, kuku anapita mbele ya boneti. Mama mkwe akafunga mkanda.

Niwaambie kwamba ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Hajui kuendesha, ila namba hazimpiti. Kwenye Mandela, katikati ya malori ya makontena, nilikuwa natambaa kwenye 40 na dashibodi inasema 100. Bajaji ikatupita upande wa kushoto.

"Baba," akauliza taratibu, "na hii bajaji inakimbia hivi, wameiruhusu?"

Ikabidi nimweleze. Mota haijui mshale ulipo. Mshale umebandikwa sitini mbele. Kwa hiyo kila namba anayoiona aitoe sitini. Nilidhani nimemtuliza. Nilikuwa nimempa kazi. Tangu hapo hadi Mbagala alitazama mshale na kunitangazia tofauti kwa sauti ile ya darasa la tano. "Thelathini na nane. Arobaini na tano. Hamsini. Hamsini na mbili, baba, hamsini na mbili!" Afande wa chini ya mwembe ana mapumziko ya chai, yule mama hana. Sijawahi kuendesha kwa kufuata sheria namna ile, na abiria wangu alinishukuru mlangoni kwa kunipa alama: "Umejitahidi."

Na kati ya matangazo yake alikuwapo mwenzake wa Kijapani. Ukichomoa betri ya magari haya, redio hupoteza kumbukumbu. Yangu ilizinduka ikidai kitu kwa maandishi nisiyoyasoma. Kijana wa kona akaniambia wengi humletea redio iliyojifunga hivyo hivyo, inataka diski ya ramani ya Japani au namba ya siri ambayo mwenye kuijua yuko Japani. Kilichobaki hai ni yule dada anayezungumza kila ukiwasha gari, ambaye kwa muda mrefu nilidhani ananikaribisha. Kumbe anasema sijaweka kadi ya kulipia barabara kuu za kwao. Mama mkwe alimwitikia "asante" safari nzima.

Kuusahihisha mshale kulikuwa kazi ndogo: uma ule ule uliokwisha kuharibika, swichi iwashwe mota itulie sifuri, kisha mshale ubonyezwe sifuri. Niliulinganisha na simu barabarani, dashibodi ikawa inasoma juu kidogo ya simu, na hilo si kosa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita hairuhusu ionyeshe pungufu ya mwendo halisi, ila inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilometa 4 juu yake. Ukiwa kwenye 50 ya kweli, inaweza kukuonyesha hadi 59 bila kuvunja kanuni hiyo.

Kilichonigharimu hasa ni ule utepe mweusi. Tangu siku ile taa ya injini, ya njano, inawaka na haizimi. Miaka yote niliyomiliki gari hili ilikuwa inawaka gizani nyuma ya utepe, na mimi nikijisifu kwamba gari langu halijawahi kuonyesha taa. Fundi wa injini ameshachomeka mashine yake na kunisomea orodha; bei ya vitu vilivyomo inazidi dashibodi tano za Ilala.

Basi wewe unayekwenda kununua gari, kabla hujapiga teke tairi wala kusikiliza injini, omba ufunguo, washa swichi bila kupiga stata, na utazame. Taa ya injini ya njano, taa ya oili nyekundu, ya betri, ya eabegi, zote zinatakiwa ziwake kwanza. Za injini, oili na betri zizimike injini ikishawaka, na ya eabegi sekunde chache baada ya swichi. Moja ikikataa kuwaka kabisa, usifurahi. Muulize mwenye gari utepe ameuweka wapi.