Hotuba ya Mtaalamu Mkuu wa Upana wa Safu, Iliyotolewa Kigera

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, mama zangu wa dagaa, nanyi vijana wa bodaboda mnaonisikiliza injini zikiwa zinanguruma: shikamooni wa kushikamoowa, na wengine habari za asubuhi. Nimechelewa saa mbili. Mtaalamu akiwahi, watu humdhania fundi.

Mimi ndiye Mtaalamu Mkuu wa Upana wa Safu za Jedwali, Kanda ya Ziwa nzima. Cheo hiki sikupewa na mtu. Nilijipa mwenyewe, maana wagawa vyeo wana foleni ndefu.

Mmezoea kuona jedwali kwenye simu mkadhani limejipanga lenyewe. Thubutu! Nyuma ya kila safu kuna mtu kama mimi aliyekesha. Nilipomtengenezea mama mmoja wa mwaloni programu ya kuandikia wadaiwa wake, nilichukua kiunzi cha Bootstrap, kile kilichotoka mwaka 2011, chenye kugawa ukurasa mafungu 12. Nikatangaza kwamba jedwali letu nalo litakuwa na mafungu 12. Baadaye nikagundua mafungu yale ni ya ukurasa, jedwali lina sheria zake. Jambo dogo. Tuendelee.

Nikaiamuru safu ya malipo iwe na pikseli 80. Kivinjari kikanitazama kama mkwe anavyotazama mahari pungufu, kikaipanua. Kwa nini? Kwa kawaida kivinjari hupita kila kisanduku, kikatafuta neno refu kuliko yote lisilokatika, na safu haiwezi kuwa nyembamba kuliko neno hilo. Sasa Mwingereza akiandika amelipwa, herufi nne zinamtosha. Mimi, kwa kulipenda taifa, niliandika juu ya safu: Kilichokwishalipwa. Hesabuni wenyewe, herufi 18! Lugha yetu hubeba mtenda, wakati na kitendwa kwenye neno moja, halafu tunataka neno hilo lilale kwenye kitanda cha mtoto.

Hapo ndipo nilipotoa silaha kubwa, table-layout: fixed, amri iliyomo kwenye kanuni za CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti, tangu mwaka 1998. Kwa amri hii kivinjari husoma upana uliotajwa kwenye mstari wa kwanza, au kwenye vitambulisho vya col vilivyowekwa juu kabisa, kisha hakijali tena kilichomo chini. Kama karani aliyekwisha kugonga muhuri. Nikaiandika, nikakunja mikono, nikangoja.

Hakuna kilichobadilika.

Usiku tatu, ndugu zangu. Nilimlaumu mtengeneza kiunzi, nikalaumu mtandao, nikalaumu hata upepo wa ziwani. Kumbe amri ile haifanyi kazi mpaka jedwali lenyewe lipewe upana, hata asilimia 100 tu. Nilikuwa nimepima vyumba vyote nikasahau kupima nyumba. Kijana mmoja wa kidato cha pili alinionyesha, na namshukuru kwa kuniunga mkono katika jambo nililokuwa karibu kuligundua.

Safu zikanyooka kama utepe. Maneno marefu nikayakata kwa nukta tatu, nikaita watu waone kazi. Jina langu lilikuwa mstari wa kwanza, na cheo changu kikasomeka: Mtaalamu Mku… Mama mmoja kutoka nyuma akauliza, "Mkulima?" Watu wakacheka. Sikucheka.

Wenye wivu husema yule mama wa mwaloni ananizidi. Ana kaunta buku na rula ya mbao. Majina kayapa nusu ya ukurasa, idadi ya ndoo za dagaa kaiachia nafasi ya vidole viwili kwa sababu hakuna aliyewahi kukopa ndoo elfu moja, na jina likizidi hulipandisha juu ya mstari kwa maandishi madogo. Hajawahi kukata jina la mtu. Nilimuuliza kajifunzia wapi, akaniambia anawajua wateja wake. Jibu hilo si la kitaalamu, nikaliacha.

Limebaki suala moja nyeti. Kama mjuavyo, Kigera ziko mbili: hii yetu ya Manispaa ya Musoma, na Kigera Etuma ya Musoma Vijijini. Safu yangu ya mahali ina pikseli 70. Kigera inaenea vizuri. Kigera Etuma inaonekana Kigera, halafu nukta tatu, na kijana wa bodaboda anayepeleka mzigo hana muda wa kusoma nukta.

Kwa hiyo mzee wa Kigera Etuma aliyelipia magunia mawili ya dagaa tangu Jumatatu, yako hapa ofisini kwangu, na paka wameshajua. Aje na risiti.