Butura ya Kizungu

Mpwa wangu aliyeko Massachusetts kanipigia simu kwa furaha: "Mjomba, nimejiunga na shamba! Tunamlipa mkulima kabla hajavuna, kisha kila wiki anatupa kikapu cha mboga." Mpango huo huko Marekani ulianza mwaka 1986, na anayejiunga husifiwa kwa kumjali mkulima.

Kumbe sisi wakulima wa kahawa wa Kaisho tumestaarabika siku nyingi. Kwetu mfadhili hata hangoji kualikwa. Ada ya shule ikibana tu, huyo, kalamu sikioni, anaizunguka mibuni ingali na maua, anakadiria magunia kwa jicho moja, analamba kidole, anahesabu noti. Biashara hiyo sisi twaiita butura. Serikali imeipiga marufuku, washamba hao.

Tofauti ni ndogo. Kule mvua ikigoma, mlipaji anakula hasara pamoja na mkulima. Huku mvua ikigoma, linanyesha deni. Na bei ikipanda, mfadhili anapanda nayo. Mimi nabaki chini ya mbuni, naokota zilizodondoka.

Nikamuuliza mpwa wangu kama kikapuni mna kahawa. Akasema hamna, hiyo anainywa mkahawani. Akanitajia bei ya kikombe kimoja. Nikakata simu, nikasingizia mtandao.