Sifa za Mheshimiwa Tope



Nasimama kumsemea asiyesemewa. Warusha moto wana washairi wao. Mapanga yana mashabiki wanaoyajua kwa uzito na kwa bei. Mazimwi wametungiwa gemu nzima. Tope hana mtu. Kwetu hutajwa kwa ubaya tu: ukimchafulia mwenzio jina umempaka matope, na gari la bibi harusi likinasa njiani hakuna anayeuliza barabara ilitengenezwa na nani, wote wanamlaumu yeye. Hata sarufi imemdharau. Ngeli yake ni ile ya jicho, jino na jipu, lakini kwa leo nampandisha hadi ngeli ya watu, na nikimaliza utaniambia kama amestahili.

Tope nimsemaye anaishi Vvardenfell, kisiwa cha gemu iitwayo Morrowind, iliyotolewa na Bethesda mwaka 2002 ikiwa ya tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls. Katikati ya kisiwa pana mlima wa volkano unaotema majivu na maradhi. Wewe mchezaji unaingia ukiwa mfungwa aliyeachiwa, unashushwa melini katika kijiji cha Seyda Neen, na ukishamalizana na makaratasi ya serikali, kinachokupokea nje ya mlango ni kinamasi. Watunzi wangeweza kukushusha penye marumaru. Walikushusha penye matope, na mimi sidhani walikosea njia.

Nikiri mapema kwamba mheshimiwa huyu si udongo uliolowa mvua. Ni ute mzito wa mmea mmoja wa kisiwani, na wakulima wa huko wanamvuna kama sisi tunavyovuna mpunga. Lakini kwao anaitwa tope, nami sina haki ya kumpa jina zuri kuliko alilopewa nyumbani.

Sasa, mambo ya vyeo. Ukifika mji wa Balmora, kuna mzee mmoja kifua wazi, Caius Cosades, mkuu wa majasusi wa dola, ambaye umebeba barua yake kutoka Seyda Neen. Unatarajia akukabidhi hatima ya ulimwengu. Anakwambia nenda kwanza kajiunge na chama, upate uzoefu. Basi unakwenda Chama cha Wachawi. Usishtuke, wachawi wa huko hawaruki na ungo usiku. Wana ofisi, vitanda vya wanachama, kanuni za nidhamu na ngazi 10 za vyeo, kutoka mshirika wa chini kabisa hadi Mchawi Mkuu. Kwa mtu aliyezoea ofisi za huku kwetu, hakuna la kumshangaza ila mavazi.

Na anayekupa kazi ya kwanza hapo Balmora ni mama mmoja wa jamii ya watu-paka, jina lake Ajira. Naapa sikulitafsiri. Ndivyo anavyoitwa tangu 2002, na nadhani Mswahili ndiye mchezaji pekee duniani aliyecheka alipolisoma. Umetafuta kazi, umempata Ajira. Na Ajira anakutuma nini? Uyoga. Aina nne za uyoga, zote za kinamasi kilekile ulichokipita ukiziba pua. Ukirudi nao, anakutuma ukaweke jiwe bandia la roho kwenye meza ya mwenzake, Galbedir, kwa sababu wamewekeana dau nani atapanda cheo kwanza. Ukilimaliza hilo, anataka maua. Huku duniani kote watu wanadhani uchawi ni radi na ngurumo. Wenyewe wanajua ni kutumwa, na ni fitina za dawati kwa dawati.

Lakini kazi za kutumwa peke yake hazikupandishi. Kila chama kina orodha ya ujuzi kinaoupenda, na kila ngazi ina kiwango chake. Kufika juu kabisa, ujuzi mmoja katika orodha hiyo ufikie 90, na mingine miwili ifikie 35. Hapo ndipo wapenda sifa wanapojimaliza. Wanakwenda mapangoni kurusha moto, usiku na mchana, wakiunguza panya mmoja mmoja ili namba ipande. Wanarudi wamechakaa, chupa za dawa zimekwisha, kiwango kimeongezeka kidogo.

Mwenye akili anakaa chini na kinu na mchi. Alkemia imo katika orodha ya Chama cha Wachawi, na alkemia hupanda kwa kutwanga. Huhitaji adui. Unahitaji vitu viwili vinavyofanana tabia, kinu, na subira ya bibi anayetwanga kisamvu. Dawa unazotengeneza unaziuza, fedha unawalipa walimu wakupandishie ile miwili ya 35, basi. Kazi za chama utazifanya, hilo halikwepeki, lakini kuhusu sharti la ujuzi, mtu anaweza kuwa Mchawi Mkuu wa kisiwa kizima bila kuwahi kumuunguza hata panya. Na kama unaona hilo ni aibu kwa cheo, mtazame aliyekikalia unapofika: Trebonius, ambaye humwita mwanachama na kumwagiza, kwa uso mkavu, akagundue kwa nini taifa zima la Wadwemer lilitoweka. Kazi iliyowashinda wasomi kwa karne na karne, anaitoa kama anayeagiza chai.

Kitu kimoja kinaniudhi katika orodha ile. Ina ujuzi sita: alkemia, uharibifu, ugeuzaji, mazingaombwe, mafumbo, na kutia vifaa nguvu za kichawi. Uponyaji haumo. Unaweza kuwafufua wanachama wote waliozirai sebuleni na usipate hata alama moja ya kupandia. Kuunguza ni ujuzi. Kuponya ni hisani. Chama kikishakuwa na fikra hizo, usitarajie kitamthamini Tope.

Tabia zake ziko nne, nami nitazitaja zote, maana msifu mkweli haachi kitu. Ya kwanza, anapunguza akili. Ya pili, anakuonyesha funguo zilipo. Ya tatu, anapunguza mvuto wa mtu mbele za watu. Ya nne, anaponya maradhi ya kawaida. Sasa angalia jinsi gemu ilivyompanga. Mtwanga dawa haoni tabia zote mara moja: ya kwanza unaiona ukiwa na kiwango cha 15, ya pili 30, ya tatu 45, na ya nne ukifika 60. Maana yake mwanagenzi akimshika Tope mkononi anaona upumbavu peke yake. Akikua kidogo anaona funguo, kitu cha kumfaa mwizi. Akikua tena anaona ubaya wa sura. Huyu mheshimiwa amevumilia kusengenywa na kila mwanafunzi wa kisiwa, na hakuwahi kujitetea, akijua kwamba wachache watakaofika 60 watamkuta na dawa mkononi.

Mimi sikungoja nifike 60. Siku zangu za kwanza niliumwa na kaa wa pwani, nikapata homa ya kinamasi, na kila niliyemsogelea akanitaka nikae mbali. Nikakumbuka nimesikia kwamba tope linaponya. Nikala. Mbichi, mkononi, kama mama mjamzito na udongo wake wa pemba. Kumbe kitu kikiliwa kibichi hutoa tabia yake ya kwanza tu. Homa ilibaki palepale, akili ikashuka. Nilisimama katikati ya kinamasi, mgonjwa na mpumbavu, na kabla sijapata la kufanya umeme ukakatika nyumbani, nami nilikuwa sijahifadhi mchezo tangu asubuhi. Mwingine angemlaumu Tope. Mimi nasema alinipa utambuzi wa kweli wa hali yangu, na hakunitoza kitu.

Kwa kuponya ipasavyo, atwangwe pamoja na ua la willow, lile lile ambalo Ajira hulitaka katika maua yake. Wote wawili wana uponyaji wa maradhi ya kawaida, basi dawa inakuwa tayari. Ila wote wawili pia wanapunguza mvuto, na tabia wanazoshirikiana huingia zote kwenye chupa. Kwa hiyo mgonjwa anapona na wakati huohuo anakuwa hapendezi. Nimejaribu kuona ubaya wa hili nikashindwa. Wangapi tunawajua waliopona, na baada ya kupona hawakumshukuru aliyewaponya? Dawa hii angalau imeeleza kabla.

Wapo wanaopita njia nyingine, na lazima niwataje ili mfananishe. Kuna dawa za kuongeza akili. Ukinywa moja, akili iliyoongezeka inakufanya utengeneze nyingine iliyo kali zaidi. Unainywa hiyo, unatengeneza kali kuliko hiyo, na kuendelea, mpaka namba zinakosa maana na gemu yenyewe inaanza kuyumba. Mtu akiwa na akili ya namna ile hakuna tena cha kumfanya ainuke kitini. Tope hajawahi kumharibia mtu mchezo kwa kumpa akili nyingi.

Na msidhani kila mahali anadharauliwa. Nje ya Chama cha Wachawi, mahali ambapo kuponya kunahesabiwa, amepanda. Huko Ebonheart, Dhehebu la Dola limeuweka uponyaji katika ujuzi wake wa kupandia vyeo, na mwenye kutoa kazi kwa waponyaji wapya ni Synnolian Tunifus. Huyu hakutumi kuua. Anakutuma ulete mabua ya marshmerrow, na katika yanayofuata anakutuma ulete tope. Unazunguka mashambani na mfuko, unachuma, unarudisha, cheo kinasogea. Nimewaona wachezaji wakilalamika kwamba kazi hizi zinachosha. Zinachosha, naam. Muulize muuguzi yeyote wa zamu ya usiku kama kuponya kunafurahisha kama sinema.

Lakini utukufu wake uko Hekaluni, kwa wenyeji wa kisiwa, na hapa naomba mnisikilize taratibu.

Wenyeji wana mungu anayeishi, Vivec, ambaye mji mkubwa kuliko yote umeitwa jina lake na kujengwa juu ya maji. Ukijiunga na Hekalu lake, kabla ya kazi nyingine zote unatumwa hija ya Neema Saba. Kituo kimoja, kule Gnisis, kinataka dawa ya maradhi ya kawaida, kazi ileile ya mheshimiwa wetu. Kingine kinataka upande mpaka angani. Na kimoja, kwenye mashamba ya Kummu, karibu na mji wa Suran, kinataka sadaka ya tope.

Kisa chake kinasimuliwa hivi. Vivec alimkuta mkulima maskini aliyefiwa na guar wake, yule mnyama wa kazi, na bila mnyama hawezi kuvuna tope lake. Mungu yule hakuinua mkono kuufufua mzoga, wala hakumpa mkulima fedha. Alivua mavazi yake mazuri, akaingia shambani, akavuta kama mnyama hadi mavuno yakaisha. Ndiyo maana anayehiji pale haleti dhahabu. Anaweka tope juu ya jiwe, anapokea neema ya unyenyekevu, anakwenda zake. Ni mara ngapi mmesikia mungu akisifiwa kwa kuchafuka? Na aliyemchafua, aliyempa nafasi hiyo ya utukufu, ni nani kama si Tope? Nikitaka kuwa mkali ningesema Vivec alipanda cheo siku ile, na aliyempandisha tumekwisha kumjua.

Ndugu zake nao wasisahauliwe. Wafanyabiashara wa mijini wanakupunja bei kwa kadiri wasivyokupenda. Lakini katika kisiwa kidogo mbali na mji kuna kaa wa tope, kaa kweli wa magamba na makoleo, anayezungumza na kufanya biashara akiwa na sarafu 10,000 mfukoni, mfuko ambao sijui uko wapi. Yeye hakupunji hata senti; kitu chenye thamani hii anakinunua kwa thamani hii. Mfanyabiashara mwaminifu kuliko wote kisiwani amezaliwa matopeni, na hakuna chama kilichowahi kumpa cheo.

Najua mtasema nimemkweza mno. Mtasema kuna altari zinazoponya kwa sadaka, na kuna uganga wa maneno unaoponya bila kumchafua mtu vidole. Ni kweli. Mimi mwenyewe nilipofika 60 nilikuwa nimekwisha kujifunza kuponya kwa maneno, na simtwangi tena ila kwa mapenzi. Lakini alama zile 60, sehemu kubwa nilizipata kwake, na kwa uyoga na mabua ya jirani zake.

Yupo dukani hadi leo. Thamani yake ni sarafu moja. Ukimkuta, usiombe upunguziwe.