Arobaini na Sita

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa mabati, imeandikwa kwa wino mzito: BEI YA KUTUPA, TUNAMALIZA STOKU. Ilikuwa Juni 2014, Kombe la Dunia linachezwa Brazil, na mwandishi wa makala haya alikuwa amechoka kutazama mpira mlangoni pa kibanda cha video pale Makina, Kibera, jijini Nairobi, ambako kukaa kulilipiwa na kusimama pia kulilipiwa. Sasa hapa Kawangware, hatua chache kutoka steji, kulikuwa na televisheni ya chogo ya inchi 21 kwa shilingi 2,500.

Muuzaji aliiwasha, ikaonyesha mpira. Nyasi zilikuwa na rangi ya samawati kidogo, lakini muuzaji akaeleza kwamba nyasi za Brazil ndivyo zilivyo.

"Boss, hii ni mali safi, ex-UK. Ningekuwa na nafasi kwangu, nisingeiuza."

Mwandishi alitaka kujadili bei, ila nyuma yake alisimama mzee mmoja akiikodolea televisheni macho na kuguna kwa tamaa. Kwa hofu ya kupokonywa, alituma pesa kwa M-Pesa papo hapo, na ada ya kutolea akaongeza bila kuombwa. Miezi kadhaa baadaye alipita dukani hapo akamkuta mzee yuleyule nyuma ya kaunta, akihesabu noti. Ndiye mwenye duka.

Kuisafirisha kulikuwa hadithi nyingine. Matatu za nambari 46 ndizo za Kawangware, nazo hupitia Yaya Centre. Mwandishi alipakata mzigo wake, pua imegusa kioo, magoti yamekufa ganzi.

"Hiyo TV inashukia wapi?" kondakta akauliza.

"Yaya, pamoja nami."

"Basi mko wawili."

Nauli ya watu wawili ikawa shilingi 80. Kutoka Yaya hadi Makina, mkokoteni ulidai 300, na vijana wawili walioibeba vichochoroni wakanunuliwa soda za 100. Ukiacha ile ada ya M-Pesa, televisheni ya 2,500 iliingia nyumbani ikiwa ya 2,980, kabla hata ya kutafutiwa soketi. Mama watoto aliizunguka mara moja, akaitazama kisogoni, akasema, "Hii itakaa wapi, na sisi tukae wapi?"

Swali ambalo mwandishi hakuliuliza ni moja tu: mbona wanamaliza stoku? Jibu lilikuwa hadharani. Mwaka 2006, mjini Geneva, mataifa ya Afrika, Ulaya na sehemu ya Asia yalikubaliana chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano kwamba kinga ya matangazo ya analojia ingefikia kikomo 17 Juni 2015. Dar es Salaam ilikuwa imeshazima mitambo yake tangu 31 Desemba 2012. Nairobi ilikuwa ikiahirisha tu, mara kesi, mara rufaa, na kila muuza televisheni alijua kwamba chogo zote zilizokuwa ghalani mwake zilikuwa zikikaribia upofu. Mwandishi alidhani ameokota bei. Kumbe alikuwa amemsaidia mzee kuhamisha ghala.

Mitambo ya analojia ya Nairobi ilizimwa 14 Februari 2015. Mwandishi akakimbilia king'amuzi, ambacho Kenya nzima hukiita dekoda, kwa shilingi 3,500. Ndipo akagundua kwamba nyuma ya televisheni, kati ya yale matundu matatu ya rangi za manjano, nyeupe na nyekundu, la manjano lilikuwa pambo. Matundu meupe na mekundu hubeba sauti. La manjano ndilo la picha. Kwa hiyo alikuwa na sauti safi kabisa na kioo cheusi. Wageni walikuja, wakakaribishwa kiti, wakalitazama lile giza kwa heshima huku taarifa ya habari ikisomwa humo ndani.

Fundi wa mtaa wa Olympic alifungua kisogo, akapuliza vumbi, akatoa mende mmoja aliyekauka tangu Uingereza, akalehemu tundu jipya kwa shilingi 800. Picha ikarudi. Bahati mbaya, stesheni kubwa za binafsi zilikuwa zinavutana na Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu nani abebe matangazo yao ya dijitali, nazo zikatoweka hewani kwa takriban majuma matatu. Kwa muda huo mwandishi alijifunza menyu ya dekoda kwa moyo. Hadi leo anaweza kukwambia jinsi ya kubadili lugha iwe Kireno.

Jumla ni shilingi 7,280. Luthuli Avenue, wakati huo, kwa kuongeza kiasi fulani ungepata televisheni bapa na mpya, yenye waranti. Mwandishi alijua hilo, lakini kuna utamu katika kusema "nimeinunua elfu mbili na nusu" ambao hauhesabiki kwa pesa, na aliendelea kulisema kwa majirani hata baada ya kulipa zaidi ya elfu saba.

Tangu hapo amekuwa mpelelezi wa bei za kutupa, na amegundua kwamba mara nyingi huwa na tarehe iliyofichwa nyuma yake. Muuzaji anaijua, mnunuzi haijui. Wanaokumbuka mwaka 2012 watakumbuka zile simu za laini tatu, zenye antena ya televisheni na spika ya kutosha kuitisha harambee. Bei zake zilianza kuporomoka ghafla kwenye vibanda vya Kibera na Kawangware, na watu wakashangilia. Usiku wa 30 Septemba 2012 simu bandia, zikiwemo hizo, zilizimwa nchini Kenya, zaidi ya milioni moja. Asubuhi yake kijiji kizima kilikuwa kikibonyeza nyota-reli-sufuri-sita-reli kusoma nambari ya IMEI, kama wagonjwa wanaopimana homa. Jirani mmoja wa mwandishi alikuwa ameinunua yake siku tatu tu kabla. Aliigeuza tochi, nayo, kusema ukweli, ilikuwa tochi bora.

Binamu wa mwandishi aliangukia simu za Windows mwishoni mwa 2019. Zilikuwa nzuri hasa: rangi za kuvutia, kamera kali, bei ya kuku wawili. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu hizo 31 Desemba 2019, naye alikuwa amenunua ya kumtakia mchumba heri ya mwaka mpya. Mchumba hakupata salamu. Mengine ni ya familia.

Tarehe si kitu pekee kinachofichwa. Volti pia hufichwa. Kuna heshima kubwa inayopewa maneno "Made in Japan", na kwa haki. Kosa ni kusahau kwamba Japani hutumia umeme wa volti 100 na Kenya volti 240. Jirani wa Gatwekera, Kibera, alileta wufa iliyotoka moja kwa moja kwenye kontena, nzito, nyeusi, yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Huenda moja lilisema "volti 100". Volti zikizidi mara 2.4, waya uleule hupokea nguvu karibu mara sita. Wufa ilitoa noti moja nene ya besi, mbwa wa ploti wakaitikia, kisha ukapanda moshi mwembamba wenye harufu ya karanga zilizoungua. Muuzaji alipoulizwa alisema wateja wa Kibera hufungulia sauti sana. Transfoma ya kushusha umeme ingegharimu zaidi ya wufa yenyewe. Vitu vilivyotoka kweli Uingereza havina taabu hii. Umeme wao unalingana na wetu na plagi ni ileile ya pini tatu. Shida ni kwamba kwenye kibanda kila kitu kimetoka Uingereza, hata chenye maandishi ya Kijapani.

Friji kuukuu ndiyo janja kuliko vyote, kwa sababu haifi. Inakaa pale ikinguruma, gasketi ya mlango imechoka, na inakula tokeni za umeme kimyakimya. Ikimeza uniti mbili kwa siku, hizo ni 60 kwa mwezi, na kwa bei ya shilingi ishirini na kitu kwa uniti, mwaka ukiisha umenunua friji nyingine bila kuiona. Ghana ililichukulia jambo hili kwa uzito hadi ikapiga marufuku kuingizwa kwa friji zilizotumika, na ikaanza kuitekeleza marufuku hiyo 2013.

Sasa kuna kompyuta. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haitaki mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hivi. Ofisi za huku na ng'ambo zinazitoa, na bei imeanza kuteremka. Hapa mwandishi analegeza msimamo. Kompyuta ya namna hiyo ikiwekewa Linux inaandika barua, inafungua mtandao, inamfaa mwanafunzi wa chuo na saiba ya mtaani kwa miaka mingine kadhaa. Tarehe imepita lakini chombo hakijafa, na mnunuzi anayejua hivyo ndiye anayemcheka muuzaji, si kinyume chake.

Kwa aliyeumia, sheria ipo, na kwa kichekesho cha mwaka imechagua nambari ya matatu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na habari za kutosha ili anufaike nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ni Nambari 46 ya 2012. Mwandishi alipanda 46 kwenda kumweleza mzee wa duka kuhusu hizo 46 mbili. Mzee alisikiliza kwa adabu zote, akamletea kigoda, kisha akaelekeza kidole ukutani palipoandikwa MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Akamuuliza kama anahitaji friji.

Televisheni ile ilizima kabisa mwaka 2017. Mnunuzi wa vyuma chakavu alitoa shilingi 150 kwa koili ya shaba peke yake na akakataa kubeba kioo, kwa kuwa kioo cha chogo kina risasi ndani yake na hakuna anayekitaka. Mwandishi alikataa bei hiyo kwa hasira, akiikumbuka ile 7,280. Kwa hiyo bado ipo, kwenye pembe ileile, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Juu yake mama watoto ameweka redio ndogo ya FM aliyoinunua soko la Toi kwa shilingi 400, bila ushauri wa mtu yeyote. Redio hiyo haijawahi kufika kwa fundi.